Mwisho Walioutunga Wageni

Watu wa televisheni walipofika kisiwani, kitu cha kwanza walichoulizia baada ya mahali pa kulala kilikuwa mshonaji. Masanduku yao ya mavazi yalikuwa yameingia maji ya chumvi njiani, na kazi ya kupiga picha ilikuwa ianze wiki ileile. Cherehani za maana kisiwani zilikuwa mbili tu. Moja ilikuwa ya mwenye duka, naye alishonea magunia. Nyingine ilikuwa ya mwanamke aliyeishi na mama yake katika nyumba ya mwisho kabla ya miamba. Ndiye aliyeitwa.

Alikwenda mbio. Kwa miaka alikuwa ameshona sare za shule na kupunguza suruali za wanaume waliokufa ziwatoshe watoto wao. Sasa alipewa darasa zima la kufanyia kazi, taa kali juu ya meza, pasi nzito ya mvuke, na mchana akala meza moja na watu ambao sura zao alizizoea kwenye matangazo ya sabuni. Mdogo wake wa kiume, aliyetengeneza mashine za boti na kuitwa Fundi na kila mtu, alimtania kwamba sasa itabidi aombe miadi ndipo amwone.

"Ukija uje umeoga," dada yake akamjibu. "Huku hatupokei watu wa grisi."

Tamthilia yenyewe ilikuwa ya mauaji. Msichana wa kisiwani anaokotwa amekufa kwenye miamba, mpelelezi anatumwa kutoka bara, na kila anayehojiwa ana jambo analolificha. Mwandishi wake alikuwa mwanamke mpole, mwenye sauti ya chini, ambaye alipenda kukaa darasani akisikiliza cherehani. Siku moja alikuja kuagiza gauni la yule marehemu wa kwenye hadithi. Alitaka matatu yanayofanana: la kuvaliwa akiwa hai, la kulowekwa baharini, na la kuchanwa.

"Rangi gani?" mshonaji akauliza.

"Wewe ungemvisha rangi gani?"

"Kijani. Na kola nyeupe." Lilimtoka kabla hajalifikiria. Akainamia kitambaa akajitia anatafuta pini.

Mwandishi hakumharakisha. Alisubiri tu, mkono juu ya meza, na hatimaye mshonaji akamweleza habari za Kitinda.

Kitinda alikuwa mtoto wa mwisho nyumbani kwao, ndiyo maana ya jina hilo la utani. Alikuwa ametoka tu kumaliza shule. Asubuhi moja ya ukungu alishuka miambani kuokota kome, amevaa gauni la kijani lenye kola nyeupe aliloshonewa na dada yake, na hakuna aliyeona alivyoingia majini. Mtunza taa, kutoka juu ya mnara, aliona kitu cha kijani kikielea. Aliteremka ngazi zote zile akajitupa baharini na nguo zake. Wimbi likambamiza kwenye mwamba, goti likavunjika, lakini hakumwachia msichana. Alimtoa. Alipomlaza kwenye mawe msichana alikuwa ameshakufa. Polisi wa bara walikuja, wakazungukazunguka, wakaandika kwamba alizama, wakaondoka. Mama yake hakukubali. Kitinda aliogelea kama samaki na miamba ile aliijua tangu utotoni. "Kuna mtu," Mama alisema siku ya mazishi, na tangu hapo aliendelea kusema hivyohivyo, bila kumtaja huyo mtu.

"Pole sana," mwandishi akasema. Macho yake yalikuwa yamelowa kweli. "Hatutamtaja mtu yeyote. Hii ni hadithi tu."

Yule mtunza taa kisiwani walimwita Bubu. Bubu hasa hakuwa. Alikuwa mtu wa maneno machache, mseja, aliyeishi chumba cha chini ya mnara na kuja dukani kwa sukari na betri. Tangu aumie alichechemea, mguu wa kulia ukichora nusu duara kila anapopiga hatua. Wageni waliupenda mnara wake mara tu walipouona. Waliupiga picha kwa jua na kwa mvua. Na mwigizaji aliyepangiwa kuwa mtunza taa, kijana maarufu, alimfuata Bubu kila mahali akijifunza kutembea kama yeye. Walionekana wakishuka njia ya dukani, mmoja mbele mmoja nyuma, miguu miwili ya kulia ikichora nusu duara mbili. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na Bubu naye akacheka. Wengine hawakuwa wamewahi kumwona meno.

"Ananiigiza mimi," alimwambia mwenye duka, kama mzazi anayetaja shule aliyofaulu kuingia mwanawe.

Kurasa za mwisho za tamthilia zilikuwa siri. Hata waigizaji walipewa maneno yao siku hiyohiyo.

Jambo moja lilitokea ambalo halikupangwa. Siku msichana wa kwenye hadithi alipolazwa miambani, amelowa, amevaa gauni la pili la kijani, mshonaji alikuwa amemwomba Mama asitoke nyumbani. Mama alitoka. Alipita katikati ya watu na nyaya, hakuna aliyethubutu kumshika, akainama akamvuta yule mwigizaji pindo la gauni limfunike magoti. Akabaki ameliinamia lile gauni. Mwongozaji hakusimamisha kamera. Baadaye alimjia Mama akamshika mikono yote miwili, akamwomba ruhusa ya kutumia picha ile, na Mama akasema atumie.

Wageni wakaondoka. Darasa likarudi kuwa darasa.

Tamthilia ilipoanza kuonyeshwa, kisiwa kizima kilikusanyika kwenye ukumbi wa shule, penye televisheni kubwa. Wiki ya kwanza ilikuwa kama harusi. Watu waliitana kila ilipotokea nyumba ya mtu, mbuzi wa mtu, ukuta wa mtu. Bubu alikuja amenyoa ndevu, shati limepigwa pasi, akapewa kiti cha mbele. Mwenzake wa kwenye kioo alipotokea akichechemea, ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mama alipotokea, ameinama, anavuta pindo, ukumbi ukanyamaza kimya, na wanawake kadhaa wakainuka kwenda kumshika bega.

Wiki zilizofuata mzaha uliendelea, kisha ukaanza kubadilika ladha. Kulikuwa na sehemu ambapo mtunza taa anaficha kiatu cha msichana chini ya godoro. Kesho yake watu walimuuliza Bubu dukani, "Kiatu umekiweka wapi, bwana?" naye akatabasamu. Baada ya sehemu nyingine, ambapo anamchungulia msichana kwa darubini, hawakumuuliza kitu. Waliendelea na mazungumzo yao hadi atoke. Mama mmoja alimvuta mwanawe karibu na gauni lake, Bubu alipopita. Kwenye ukumbi, viti vya jirani yake vilianza kubaki vitupu.

Mshonaji aliyaona haya akajipa moyo kwamba muuaji atakuwa mwingine. Labda daktari, labda yule tajiri mwenye boti.

Alikuwa mtunza taa. Kwenye sehemu ya mwisho mpelelezi alimbana juu ya mnara, na yule kijana maarufu, kwa mguu wa Bubu na mabega ya Bubu, akakiri huku analia: alimpenda msichana, msichana akamkataa, naye akamsukuma, na goti aliliumiza akiikimbia maiti. Kisha ikaletwa tena picha ya Mama, ameinama, anavuta pindo. Ikabaki hapo mpaka majina yakaanza kupita.

Hakuna aliyeinuka. Bubu alikuwa kiti cha mbele, peke yake. Alisimama akawageukia.

"Mimi ndiye niliyemtoa," akasema.

Alimaanisha majini. Mshonaji alielewa hivyo, na kila mtu mle ndani alikuwa na sababu ya kuelewa hivyo, maana walikuwepo siku ile. Lakini nyuma yake alisikia mwanamke akimnong'oneza mumewe: "Umesikia? Amesema yeye ndiye aliyemtoa."

Tangu jioni hiyo Mama hakula vizuri. Aliketi jikoni akitazama ukuta.

"Aliona vipi?" alimuuliza binti yake. "Kutoka kule juu, na ukungu ule, aone kitambaa?"

"Mama, kazi yake ni kuangalia bahari."

"Ndiyo nasema. Alikuwa anaangalia."

"Goti alivunjika akimtoa Kitinda. Wewe mwenyewe ulimpelekea supu hospitali. Umesahau?"

"Sijasahau. Nilimpelekea supu." Mama akakunja kitambaa cha meza mara mbili, mara nne. "Ndilo linaloniuma."

Fundi alikuwa mlangoni akivua viatu. Dada yake alimwona jinsi alivyomtazama Mama, akataka kumwambia kitu, lakini Fundi akaondoka kwenda kunawa.

Mshonaji alimpigia mwandishi simu. Mwandishi akasema mwisho haukuwa wake. "Mimi niliandika kwamba hakujulikana nani. Wakubwa wakasema watazamaji hawawezi kuachwa hewani namna hiyo, wakaleta mtu mwingine akaandika. Lakini tumeandika mwanzoni kwamba yote yamebuniwa. Hawakuona?"

"Huku hakuna anayesoma maandishi ya mwanzo. Huwa bado tunatafuta viti."

Alikwenda kwa sajini, askari pekee wa kisiwa, aliyekuwa anakaribia kustaafu. "Mimi nilikuwepo," sajini akasema. "Nilimbeba Bubu kwa machela kwa mikono hii, mfupa unaonekana."

"Basi waambie hivyo. Uwaite ukumbini uwaambie."

"Nikianza kujibizana na televisheni nitamaliza lini? Waache. Watapoa."

"Hawapoi, afande. Njoo nyumbani umsikilize mama yangu."

Sajini akatafuta kofia yake, akaishika, asiivae.

Mwisho akaenda mnarani. Chumba cha Bubu kilikuwa safi, kitanda kimetandikwa kwa kunyooka, birika juu ya jiko. Ukutani alikuwa amebandika picha yake na yule mwigizaji, wameshikana mabega. Hakuwa ameibandua.

"Alikuwa kijana mzuri," Bubu akasema alipomwona anaitazama. "Aliniletea dawa ya kuchua goti." Akammiminia chai. Dukani walikuwa wameacha kumuuzia, ila sukari aliyokuwa nayo aliitia yote kikombeni kwa mgeni. "Nikuulize kitu?"

"Niulize."

"Kwenye ile hadithi, kwa nini nilimuua?"

Mshonaji alishindwa kumtazama. "Walisema ulimpenda, akakukataa."

Bubu alilitafakari hilo kama mtu anayepewa habari za ndugu wa mbali. "Sikuwahi hata kusema naye," akasema. "Siku ile ndiyo mara yangu ya kwanza kumshika mkono."

Mshonaji akamwomba aondoke na boti ijayo, hata kwa mwezi mmoja tu, mpaka watu wapate jambo jingine la kuzungumza.

"Na taa?"

"Sajini ataiwasha."

"Sajini anaogopa ngazi," Bubu akasema, na kwa dakika hiyo wote wawili wakacheka. Aliahidi atafikiri. Alipomsindikiza mlangoni alimwomba amfikishie Mama salamu, kisha akabadili mawazo, akasema aache tu.

Boti haikuwahi. Kesho yake, karibu na mchana, mshonaji alikuwa akipiga pasi Fundi alipoingia jikoni na viatu vyake vya matope, akakaa.

"Ameanguka," akasema.

"Nani?"

Dada yake akaisimamisha pasi.

"Tulikwenda watatu. Tulitaka aseme tu, Dada. Aseme kwa mdomo wake, Mama apumzike."

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu. Tukampandisha mpaka juu, tukamtoa nje, kwenye ule ujia unaozunguka taa. Nilikuwa nimemshika mimi, hapa kifuani."

"Ukateleza? Mkono ulikuponyoka?"

Alikuwa akimsihi. Fundi alilijua hilo, na dada yake alijua kwamba analijua. Angeweza kusema ndiyo, na pengine angemwamini maisha yake yote.

"Nilimsukuma," Fundi akasema.

Mlango wa chumba ulikuwa wazi na Mama alikuwa amesimama hapo, amesikia yote. Alichukua sahani, akapakua wali na maharage, akaweka mbele ya mwanawe. "Kula, mwanangu," akasema. "Uso umekukauka." Akaketi kando yake, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi akajipakulia na yeye.

Wapelelezi walifika na boti ya polisi, mwanamume na mwanamke, wamevaa makoti ya mvua. Watoto waliwafuata wakiuliza watatokea kwenye televisheni siku gani. Walikaa kituoni kwa sajini wakaita watu mmoja mmoja, na kila aliyetoka alikuwa amesema jambo lilelile: Bubu alijirusha, dhamiri ilimsuta. Mshonaji aliisikia sentensi hiyo dukani, kisimani, hadi kwa mwalimu mkuu. Aliitambua. Ndivyo yule mpelelezi wa kwenye tamthilia alivyokuwa amemwambia muuaji: dhamiri inakusuta. Wale wenzake wawili wa Fundi walikuwa baharini tangu alfajiri siku ile, wake zao walisema. Fundi alikuwa nyumbani akila, Mama alisema, na hilo nalo lilikuwa na ukweli ndani yake.

Mshonaji hakuitwa. Labda walidhani alichokisema mama kinamtosha na binti. Alikaa mbele ya cherehani asubuhi nzima bila kukanyaga. Alimfikiria Fundi akiwa mdogo, analala katikati yake na Kitinda, anawapiga mateke. Alimfikiria Bubu akiimimina ile sukari. Hakukuwa na mizani ya kupimia mambo hayo mawili, na alipoinuka hakuwa ameamua lolote. Alijikuta tu anavaa viatu.

Mama alikuwa mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kituoni."

Mama alimtazama kwa utulivu, karibu kwa upole. "Nilizaa watatu," akasema. "Sasa nina wawili. Ukirudi utaniambia nimebaki na wangapi."

Hakumzuia. Akasogea kando, binti yake akapita.

Alisema yote kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza vipimo vya nguo. Yule mpelelezi wa kike alimuuliza mara mbili kama anaelewa anamzungumzia nani. Sajini alikuwa amesimama dirishani, amewapa kisogo. Alipomaliza, sajini aligeuka akasema naye ana maneno ya kuandikisha, kuhusu mambo ya zamani, kuhusu siku Bubu alivyoumia goti. Yalikuwa yamechelewa sana, na aliyasema hivyohivyo.

Fundi hakukimbia. Walimkuta bandarini, kichwa kimeinama ndani ya mashine. Aliomba dakika chache amalizie kufunga, maana mwenye boti angetoka kesho, wakamruhusu. Kisha akafuta mikono yake kidole kimoja kimoja, akawafuata.

Baada ya hapo hakuna aliyemletea mshonaji hata kifungo cha kushikiza. Watu hawakumtukana. Walimpita. Mama alipika chungu kimoja na kula peke yake, akaacha kilichobaki mezani kimefunikwa, bila neno, hivi kwamba binti yake hakujua kama anatunzwa au anafukuzwa. Mwishoni mwa mwaka mshonaji akabeba cherehani yake akahamia bara, akapata kazi kwenye duka la mapazia, chumba cha nyuma, wanawake sita kwenye safu moja. Wenzake walipenda tamthilia ya kisiwani, iliyokuwa ikirudiwa wakati huo. Yeye aliomba kiti kinachoangalia ukuta.

Kila alipopewa ruhusa alikwenda gerezani. Mara za kwanza Fundi alikataa kutoka. Baadaye akatoka, akakaa ng'ambo ya meza, wakazungumza habari za chakula na kifua kinachomsumbua. Alikuwa amekonda. Siku moja, bila kuulizwa, akaanza kueleza habari za mnarani.

"Alikuwa mbele yetu kwenye ngazi," akasema. "Tunamsukuma, mguu haukunjiki, anajivuta kwa mikono. Na kila akifika mahali anasema: hapo angalieni, hiyo ngazi imelegea. Akafika pengine tena: inamisheni vichwa, kuna chuma. Alisema hivyo mpaka juu."

Dada yake alizikunja upya fulana alizomshonea, zilizokuwa mapajani pake.

"Mimi nikadhani anatuchezea akili," Fundi akasema. "Nikazidi kukasirika."

"Umemwambia Mama?"

"Alikuja mwezi uliopita. Nilitaka nimwambie. Akaanza habari za paa, linavuja upande wa jikoni, nikanyamaza."

"Akija tena mwambie."

"Nikimwambia hilo, Dada, yeye atabaki na nini?"

Mshonaji hakumtungia jibu. Askari magereza akagonga meza kwamba muda umekwisha. Akamsogezea mdogo wake zile fulana alizomshonea, nzito kidogo, kwa ajili ya kifua. Fundi akazikunjua, akajipima moja mabegani, akasema zinamtosha. Dada yake akamwambia atarudi, na akarudi.